Shamba Langu la Kwenye TV

Msije mkaniambia gemu halifundishi. Mimi limenifundisha, tena nikiwa na umri wa kuitwa shangazi na watu wenye ndevu. Limemfundisha na baba yangu, mzee Sifael, ambaye tangu apate kipaimara alikuwa hajakubali kufundishwa kitu na mtu yeyote. Aliyeshindikana ni mmoja tu, na huyo ndiye aliyelileta.

Huyo ni Godwin, mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu. Alirudi nyumbani Kirua Vunjo mwaka jana mwezi wa saba, duka lake la simu pale Moshi mjini lilipokufa. Wenzake wakishindwa na mji hurudi na godoro na sufuria. Godwin alirudi na TV kubwa, mashine ya gemu na pedi mbili za kuchezea. Alipanda mlima kwa bajaji, manyunyu yanadondoka, baridi imeshika, na koti alilokuwa nalo akaifunikia TV. Alifika anatetemeka. Nikamuuliza amekuja kufanya nini, akasema amekuja kulima. Nilicheka mpaka nikaiweka chini ndoo ya maziwa.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha, na afadhali niliseme mapema. Kwetu sisi kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na mibuni na makaburi ya wazee wetu, huachiwa mtoto wa kiume wa mwisho. Wakubwa hukatiwa sehemu huko chini. Kaka yetu Eliezeri alikatiwa yake zamani, akaiuza, akaenda zake Dar. Binti hakatiwi kitu, binti ataolewa. Mimi niliolewa Sanya Juu, ndoa ikanishinda, nikarudi mama alipougua. Nikamuuguza, nikamzika, nikabaki. Tangu hapo ng'ombe ni mimi, kahawa ni mimi, samadi ni mimi, dawa za presha za baba ni mimi. Na baba alikuwa ameshatangaza kwamba Krismasi hiyo, watoto wote wakiwepo, angesema kihamba anamwachia nani, maana umri umekwenda.

Akimpa Godwin, mimi nakuwa mgeni kwenye nyumba ninayoifagia mwenyewe. Godwin ataoa, mkewe atanichoka, nami nitafungasha nguo zangu nitafute pa kwenda. Nilikuwa nalala na hilo na kuamka nalo. Wala sioni aibu kusema: nilikitaka kile kihamba. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kumtaka yule mwanamume wa Sanya Juu.

Basi Godwin akaifunga TV yake sebuleni, akaanza kutuelimisha. Alisema siku hizi hakuna kulima kwa kubahatisha. Marubani wanajifunza kurusha ndege kwa gemu, madaktari wanajifunza kupasua watu kwa gemu, sembuse jembe. Na gemu lake lilikuwa la shamba: unanunua trekta, unalima, unapanda ngano na soya, unalisha ng'ombe, unavuna, unauza, unapanua. Alisema akimaliza ngazi zote atakuwa na ujuzi sawa na bwana shamba mwenye digrii. Nilimwambia humo ndani kahawa haimo. Akasema kanuni ni zilezile. Nikamwambia trekta haliwezi kupita katikati ya migomba yetu hata likikatwa vipande. Akasema nina fikra mgando. Nilipomwomba aje anisaidie kushusha mkungu, akasema yuko katikati ya mafunzo.

Baba mwanzoni alimdharau. Alikuwa akipita sebuleni anasonya. Halafu akaanza kusimama mlangoni kidogo, mikono nyuma. Halafu akakaa kwenye mkono wa kochi, shingo upande, eti anapumzisha goti. Kuja kushtuka, nimemkuta katikati ya kochi, kavaa miwani ya kusomea Biblia, kashika pedi, na Godwin pembeni yake anamwelekeza. Nikamwamkia. Akaniinulia mkono nisiongee, maana alikuwa anarudisha tela nyuma.

Ruwa wangu, yaani Mungu wangu. Huyu ndiye baba aliyekuwa akituamsha giza halijatoka tukabebe samadi, aliyekuwa anajua kila mbuni kwa tabia zake. Sasa kahawa ilikuwa imeiva, nyekundu, inadondoka chini, na yeye anavuna soya kwenye nchi isiyo na mlima. Nilimwambia kahawa inaharibika. Akanijibu bila kugeuka kwamba nitafute mtu wa kunisaidia, yeye yuko kwenye mavuno.

Ikafika siku ya kusafisha mfongo. Mfongo ndio mfereji wetu wa maji, unatoka juu msituni, unapita kihamba hadi kihamba, na kila nyumba hutoa mtu wa kuuchimbua ukijaa tope. Mtu maana yake mwanamume. Wazee walikuwa wakisema mwanamke akikanyaga kule kwenye chanzo maji yatakauka. Baba hakwenda. Godwin hakwenda. Nilikwenda mimi na sepeto langu. Mzee anayesimamia mfongo akaniangalia kuanzia buti mpaka kilemba, akaniuliza kama kwa Sifael hakuna mwanamume siku hizi. Nikamjibu wapo wawili, wote wanavuna soya. Nilichimbua mpaka mchana na maji hayakukauka.

Kwenye hilo gemu nilikuwa namwona mwanamke mmoja nikipita na ndoo zangu. Alivaa jinzi na buti, nywele kazibana nyuma. Ndiye aliyeendesha trekta, ndiye aliyelisha ng'ombe, ndiye aliyebeba magunia. Sikuwahi kumwona amekaa. Nilimuuliza baba huyo ni nani. Akasema ni mfanyakazi tu. Nikasema haya, nikaenda kukamua.

Desemba ikafika, na kama mnavyotujua, Mchagga asiporudi nyumbani Krismasi watu huuliza kama yuko jela. Eliezeri akaja kutoka Dar na gari, na familia, na maneno. Eliezeri ni mtu wa semina. Ofisini kwao sijui wanafanya kazi lini, maana kila ukimpigia yuko semina. Aliliona shamba la kwenye TV akatoa neno la Kiingereza ambalo baba alilipenda bila kulielewa. Akatueleza kwamba dunia inaelekea huko, kwamba mchezo unamjenga mtu, unamfundisha kupanga, kuvumilia, kufanya maamuzi. Nikasubiri ataje kuzoa kinyesi cha ng'ombe. Hakutaja.

Kikao kilikaa siku inayofuata Krismasi, mbuzi ameshaliwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshazunguka. Alikuwepo shangazi Elizabeth, dada yake baba, amekaa kwenye kiti cha mbao na fimbo yake mapajani. Godwin alisimama mbele ya TV akatuonyesha shamba lake, mipango yake, mazao yake, ngazi aliyofikia. Alipendeza, siwezi kukataa, alivaa hadi saa. Kisha baba akasimama.

"Kihamba ni cha Godwin," alisema. "Ndivyo mila yetu ilivyo. Na mimi nilikuwa na wasiwasi, lakini nimeona kwa macho yangu, mtoto amejifunza."

Wakapiga makofi. Nilijua atasema hivyo, nilijua tangu nikiwa msichana, na bado iliniuma kama vile sikuwa nimejua. Nilishika sinia la nyama nisilidondoshe. Nakumbuka nilianza kuwaza nitamwachia nani ndama niliyekuwa namnywesha kwa ndoo.

Shangazi Elizabeth hakupiga makofi. Akamuuliza baba, na huyu aliyekutunza je? Baba akatabasamu, tabasamu lile la mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo, akasema, "Goodness nimeshampa la kwake." Nikafikiri ni kile kipande cha juu, kule kwenye ndizi za kupikia mtori, supu yetu. Nikafikiri kumbe mzee wa watu alikuwa ananiwazia muda wote huo na mimi namsonya. Nilikuwa tayari kupiga magoti.

Akachukua pedi. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, polepole, ulimi nje. Kwenye TV likatokea lango, na juu ya lango kibao, na juu ya kibao herufi kubwa: SHAMBA LA GOODNESS. Chini yake kasimama yule mwanamke wa jinzi. Kumbe ni mimi. Baba alikuwa ameliandika jina langu mwenyewe, herufi moja moja, kwa ile pedi. Likafuata shamba lenyewe: ngano mpaka upeo wa macho, matrekta, ghala, ng'ombe wasafi ambao hawajawahi kuona inzi.

"Lote hili ni lako, mwanangu," akasema. "Nimelilima kwa ajili yako."

Naapa hakuwa anatania. Angekuwa anatania ningemsamehe palepale. Macho yalimlenga machozi. Eliezeri akapiga makofi tena, akasema hiyo ni ishara nzito sana kwa mtoto wa kike. Basi ndivyo nilivyokuwa mwanamke wa kwanza kwenye ukoo wetu kumiliki ardhi, ekari kwa ekari, ilimradi umeme uwepo. Umeme ukikatika sina hata pa kusimama.

Shangazi Elizabeth ni mtu asiyeachia. Akauliza, kwani huko ndani hakuna wanaume, mbona umeweka mwanamke alime? Baba akamjibu kirahisi tu, macho bado kwenye ngano yake.

"Nilianza na yule mwanamume," alisema. "Halafu nikasema hapana. Nataka shamba liende."

Wakacheka wote, wakahamia kwenye mbege. Mimi nilibaki nimekaa na yale maneno. Yaani alijua. Miaka yote hiyo alijua, ila alikuwa analijua kwa ajili ya TV tu. Nikatoka nikaenda bandani, nikamshika yule ng'ombe mkubwa shingoni, nikalia. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, msichanganye.

Asubuhi yake nilioga, nikavaa gauni la ibada, nikaingia sebuleni, nikakaa kwenye kochi la baba na kuwasha TV. Nilikuwa mwenye mali sasa, nikaona niende shambani kwangu. Ng'ombe wakaanza kulia. Wakalia, wakalia. Godwin akatoka chumbani kajifunga blanketi.

"Dada, ng'ombe wanalia."

"Hao ni wako," nikamwambia. "Wangu hawa hapa, wametulia."

Alidhani natania. Akarudi kulala kidogo, kisha akatoka tena.

Shida ni kwamba sikujua pa kubonyeza. Yule mwanamke, yaani mimi, alisimama katikati ya shamba. Nikamwangalia. Soya imeiva, ng'ombe wanasubiri majani, trekta limezimwa, naye kasimama tu. Mara ajikune shingo, mara abadilishe mguu. Hakuna aliyemwita mvivu. Hakuna aliyemuuliza chai iko wapi. Soya ikaanza kuharibika taratibu, na yeye anaangalia mawingu. Jamani, nimezaliwa kwenye migomba, nimekulia kwenye migomba, sijawahi kuona mwanamke amesimama shambani hafanyi kitu. Sikujua kama inawezekana. Nilikuwa nadhani mikono ikisimama mbingu inashuka. Hapo ndipo gemu liliponifundisha, na ndiyo maana nasema mtu asije akaniambia halifundishi. Nikaiweka pedi mapajani, nikatulia pamoja naye.

Huko nje Eliezeri aliitisha kikao kifupi, akagawa majukumu. Godwin apewe kukamua. Godwin akaingia bandani bila maji ya moto, bila kitambaa, hakumwosha ng'ombe chuchu wala hakumbembeleza, akashika na kuvuta. Kwenye gemu ukishaweka majani maziwa yanajaa yenyewe. Ng'ombe akapiga ndoo teke. Godwin alirudi na maziwa yote, ila yalikuwa kwenye suruali.

Eliezeri mwenyewe alichukua panga kwenda kukata migomba ya kulishia. Sasa mtoto yeyote wa Kirua anajua kwamba mgomba wa kumpa ng'ombe ni ule ulioshushwa ndizi, ambao kazi yake imekwisha. Yeye alichagua uliosimama vizuri. Akauangusha mgomba wenye mkungu mchanga, tena zile ndizi za mtori ambazo baba anazichunga kama sadaka, akauburuta mpaka bandani, akajisifu kwamba una maji mengi. Baba alikuwa kibarazani. Alifumba macho.

Halafu ikaja zamu yetu ya maji. Zamu ya mfongo haikungoji. Lazima mtu awe pale kwenye mlango wa mfereji mwenzako anapomaliza, azibe kule kwa tope na magome ya migomba, afungue huku, maji yaingie kwako. Godwin akaja kuniuliza maji huwa yanatumwa saa ngapi. Nikamwambia mimi sijui, shambani kwangu mvua inanyesha tu. Alipofika, maji yalikuwa yameshachukuliwa na jirani, na mzee wa mfongo akamwambia asubiri mzunguko ujao. Godwin akarudi akisema mfumo wetu wa maji umepitwa na wakati.

Msidhani nilikuwa nastarehe. Niliumia. Kila ng'ombe alipolia nilibana mto wa kochi mpaka vidole vikauma. Nilitaka kuinuka, naapa, miguu ilikuwa inainuka yenyewe naikanyaga chini. Lakini nilimtazama yule wa jinzi, naye hajasogea, nikasema na mimi sisogei. Hapakupikwa mtori wala chochote. Watoto wa Eliezeri walikula mkate. Baba alikunywa chai ya rangi kwenye nyumba yenye ng'ombe. Jioni nilimsikia bandani, na mgongo wake ule, anamwomba ng'ombe msamaha kwa Kichagga huku anakamua, nikakaribia kushindwa.

Kesho yake nikavaa gauni la ibada tena, nikakaa palepale. Kabla ya mchana umeme ukakatika. TV ikawa nyeusi. Sikuinuka. Godwin akapita, akaniambia dada, mbona gemu limezimika. Nikamwambia shamba langu linapumzika. Baba alikuwa mlangoni. Aliniangalia, akaitazama TV nyeusi, akaniangalia tena, kwa muda mrefu. Kisha akachukua panga akatoka.

Alirudi na isale. Isale ni mmea wetu wa majani marefu ya kijani, mnauona kila mahali huku mlimani. Kwetu, mtu akikukosea akakuletea isale, huna ujanja, unapokea na unasamehe. Ukikataa, wewe ndiye unageuka mkosaji. Nilipoliona mkononi mwake damu ilinichemka. Niliona wameniweza. Ndiyo raha ya mila zetu, hata hasira yako kuna mtu mwingine ameshika funguo.

"Goodness, mwanangu," baba akasema. "Pokea."

Nyuma yake Eliezeri alishusha pumzi, akaanza kukunjua mikono ya shati. Na Godwin, Mungu amsamehe, akauliza kama sasa kutakuwa na mtori. Shangazi Elizabeth, aliyekuwa amelala kwetu tangu kikao, alisimama kwenye ukumbi na fimbo yake.

Nikapokea kwa mikono miwili, ndivyo inavyopasa. Ndipo nikahisi uzito. Kwa kuomba msamaha jani linatosha, jani moja, wengine wanalifunga fundo. Baba hakuleta jani. Alikuwa amekata kichwa kizima pamoja na shina lake, shina nene la kuweza kushika udongo. Nikamwangalia. Akaangalia pembeni.

Sikusema nimesamehe. Nilichukua sepeto nyuma ya mlango, nikatoka na gauni langu la ibada, nikaingia kwenye migomba. Wakanifuata wote. Maana isale si la msamaha tu, ndilo tunalopanda mpakani. Likishapandwa mbele ya macho ya watu, hakuna wa kuling'oa. Nimeona ndugu waliopelekana hadi mahakamani wakizozana wamesimama kando yake na hakuna aliyeligusa. Nilisimama upande wa juu wa mibuni niliyoipanda mwenyewe mwaka aliokufa mama, ili kuanzia hapo kushuka chini pawe pangu, nikachomeka sepeto.

"Goodness, unafanya nini?" Eliezeri akasema. "Kihamba kimeshagawiwa."

Nikachimba. Udongo ulikuwa unaingia kwenye viatu. Shangazi Elizabeth akaja akasimama upande wangu, akakita fimbo chini. Godwin alikuwa anamwangalia Eliezeri, Eliezeri anamwangalia baba. Baba akaja polepole, akishika mgomba mmoja, akiachia, akishika mwingine, mpaka akafika pale nilipo.

"Siyo hapo," akasema.

Sepeto likasimama. Nikajua basi, yamekwisha, nitaenda kufungasha.

"Sogea kule juu, uvuke mfongo," akasema. "Ukipanda hapo maji yote yanabaki kwa Godwin. Wewe utalima nini?"

Eliezeri alifungua mdomo. Baba akamwambia kama ana mchango achukue sepeto. Hakuwa na mchango. Tukapanda juu, baba mbele, akanionyesha mahali, juu kabisa ya mfongo, akashika lile shina wima kwa mikono yake mpaka nilipomaliza kushindilia udongo. Shangazi akahesabu walioshuhudia kwa kuwataja majina kwa sauti, na Godwin akamtaja wa mwisho, ili asije akasema hakuwepo. Nililia tena, na safari hii sikwenda bandani kujificha. Kwa Godwin ilibaki nyumba, kama mila inavyotaka, na kiwanja cha mbele cha kuegeshea gari atakaponunua.

Siku hiyo nilikamua nikiwa na gauni la ibada. Mtori nilipika, na Eliezeri alikula bakuli mbili, kisha akatueleza kwamba tukio lile lilikuwa na mafunzo makubwa kwa pande zote. Yuko Dar sasa, bila shaka analisemea kwenye semina. Isale limeshika, limetoa majani mapya. Baba bado anacheza, lakini asubuhi kwanza tunachuma kahawa wote wawili, halafu ndipo namruhusu.

Shamba la kwenye TV nimemwachia Godwin, lote, na matrekta yake na ng'ombe wake wasio na inzi. Yeye ndiye mtoto wa mwisho, siwezi kumnyima haki yake. Ila juzi amekuja kwangu analalamika. Anasema pedi zimegoma, anabonyeza kila kitu, yule mwanamke kasimama tu katikati ya soya, hasogei. Akaniuliza nilimfanya nini siku zile.

Nikamwambia ampelekee isale.